Gome la Upande wa Mawio

Kila alasiri, ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni, Zawena alitandika mkeka chini ya mama yake na kulala.

Mama yake alikuwa mkulo, mti mnene wa milimani wenye gome la kijivu linalonukia karafuu maiti, uliosimama ukingoni mwa msitu wa Kwembago. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, mganga wa miti shamba aliyejulikana Usambara yote kwa jina la Bi Mwantumu. Watu wa Kwembago walikuwa wameshazoea kumwamkia mti. Waliopita asubuhi na majembe begani walisema, "Shikamoo, Bi Mwantumu," wakaendelea na njia yao bila kungoja marahaba.

Usingizi haukuchelewa kumchukua Zawena. Alipokabidhiwa kazi ya ulinzi alinyweshwa utomvu wa mti ule, kama walinzi wote wa miti hai wanavyonyweshwa, na tangu siku hiyo akilala juu ya mizizi yake harufu ya majani humwingia puani ikageuka picha. Leo ilianza na moshi wa kuni mbichi. Kisha jiko la zamani, lile lililobomolewa na mvua akiwa bado msichana, likajijenga taratibu, ukuta mmoja baada ya mwingine, na mama yake akawa ndani amechuchumaa anapuliza moto. Kuku walipita mlangoni wakielea kidogo juu ya ardhi, wala hakuna aliyewajali.

"Umechelewa," alisema Bi Mwantumu bila kugeuka. "Ulikuwa unajipodoa? Kwa ajili ya nani, huku milimani?"

"Nilikuwa nafagia, mama."

"Wewe? Ufagio?" Bi Mwantumu alicheka mpaka akakohoa. "Basi leo mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu."

Na ikawa hivyo. Nje ya mlango matone yaliinuka kutoka kwenye nyasi, moja moja, yakapotelea mawinguni, na wote wawili wakayatazama kwa raha zao. Zawena alikuwa na furaha ambayo hakuipata popote pengine. Mwanamke mzima, mwenye mvi mbili tatu na magoti yanayolalamika, akawa anangoja mama yake amgeukie.

"Hivi yule bwana mrefu wa kofia ya ukindu amepita hapa?" mama aliuliza. "Yule anayekohoa. Nani vile?"

"Ni baba, mama. Mume wako, Shekalaghe."

"Aa," alisema Bi Mwantumu kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa habari za ng'ombe wa jirani. "Haya."

Zawena aliinamisha uso. Masika yaliyopita alibambua gome la dawa ya vidonda vya tumbo, na kumbe baba yake alikuwamo humo. Mgonjwa alipona, akaleta mbuzi wa shukrani, na mume wa Bi Mwantumu akafutika kichwani mwa mkewe kama hakuwahi kulala naye kitanda kimoja.

Bi Mwantumu aliacha moto. Akaja, akaushika mkono wa binti yake kwa mikono yote miwili, na mikono hiyo ilikuwa inatetemeka.

"Siku hizi nasahau, mwanangu. Naona vitu vinatoka ndani yangu, sijui vinakwenda wapi. Hao wengine na waende. Lakini wewe, usikubali nikusahau. Niahidi."

"Nakuahidi, mama," alisema Zawena. Nani angeshikwa mkono vile asiahidi?

Viatu vya mpira vikasikika vikikanyaga matope. Jiko likayeyuka kuanzia paa, na Zawena akafumbua macho akamwona Dokta Singano amesimama kando ya mkeka, miwani imejaa umande.

"Samahani kukukatisha," alisema. "Tuna wageni. Wametoka Upare kwa miguu."

*

Zama zile watu walikuwa bado wanayakumbuka maduka ya dawa. Vidonge vilikuwapo, rangi ileile, vikaratasi vilevile, ila vidudu vya maradhi vilishavizoea na havikuvijali tena. Dawa za viwandani zilichoka, ndivyo watu walivyosema, na watu wakageuka kuitazama milima. Taasisi ya Miti Hai ilipofika Kwembago kwanza ilifanya kama wasomi wote wanavyofanya: iliwauliza waganga na kurekodi majibu yao. Haikusaidia kitu. Mtu akichuma mtunguja kwa kufuata maelezo anapata mzizi tu, kwa sababu maelezo hayasemi mzizi unavyonuka ukiwa tayari, wala mkono unavyopima bila kibaba.

Ndipo Singano na wenzake wakaleta nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, za aina inayoishi kati ya mizizi ya miti. Mganga alilala chini ya mti wake mwezi baada ya mwezi, nyuzi zimemgusa kipaji cha uso, na mti ukamsoma. Kila ulipojifunza dawa moja ya mganga, sehemu moja ya gome ilianza kuipika dawa hiyo yenyewe, mbichi, kali, isiyozoeleka na kidudu chochote. Jambo ambalo hata Taasisi haikulitarajia ni kwamba dawa na kumbukumbu vilikaa mahali pamoja. Ukibambua gome umebambua vyote. Gome hurudi baada ya mvua za kutosha, ila hurudi halijui chochote.

Waganga wengine walipoambiwa hivyo walivuta pumzi, wakaomba wakafikirie. Bi Mwantumu, aliyekuwa amebakiwa na miezi michache ya kuishi, aliwacheka mbele ya kijiji kizima. "Nichuneni mpaka niishe," alisema. "Mnataka nibaki hapo niwe pambo?" Zawena alikuwapo. Alisikia kwa masikio yake, na siku hiyo alijivunia mama yake mpaka akalia.

Siku hiyo mama alikuwa hai, na kujivuna ni rahisi.

*

Mgeni aliitwa Elinihaki. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mtu mrefu aliyenyamaza kwanza kabla ya kila neno, na mgongoni alikuwa amembeba binti yake kwa kitenge kama wanawake wanavyobeba. Mkewe, alieleza, alibaki nyumbani na kichanga. Mtoto aliitwa Naelijwa, nao walimwita Naeli. Nywele zake zilisukwa na mtu asiyejua kusuka, mistari imekwenda upande kama njia za mbuzi.

"Shikamoo, mama," alisema Elinihaki.

"Marahaba. Poleni na njia. Ana nini mtoto?"

"Degedege. Hili jipya."

Zawena alilijua hilo. Degedege jipya lilimkamata mtoto likamwachia, likampa siku nzuri za kucheza na kula, kisha likarudi na nguvu zaidi. Dawa yake ilikuwa moja, na katika miti hai yote mlima mzima aliyeijua alikuwa mmoja.

Naeli alishushwa chini. Alionekana mzima kabisa, ila mkono wa kushoto aliushika kwa wa kulia, kama mtu anayeshikilia mzigo wa mwenzake. Aliutazama mkulo mpaka juu.

"Huyu bibi anakula nini?" aliuliza.

"Maji na jua," alisema Zawena.

"Tu?"

"Tu."

"Masikini," alisema Naeli, akamgusa mti kwa huruma.

Zawena akaenda kuleta maji na kanga. Desturi ilikuwa ya Bi Mwantumu mwenyewe, tangu alipokuwa anatembea na kisu chake msituni, na kijiji kiliifuata bila kupunguza hata kidogo: mti haubambuliwi bila kuombwa. Unamwagia mizizi maji, unataja jina la mgonjwa, unatandika kanga chini ya matawi. Jani likianguka juu ya kanga kabla kivuli cha mti hakijaipita, mti umekubali. Lisipoanguka, mti umekataa, na mti ukikataa hakuna anayebishana. Hata mwenyekiti wa kijiji na mgongo wake unaouma aliambiwa mti umekataa, akashika fimbo yake akaenda zake.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba Zawena alijua upepo. Alasiri za Kwembago upepo hutoka tambarare za mashariki, na majani yote huangukia upande wa machweo. Upande wa pili, karibu kabisa na shina, lilikuwapo tawi kuukuu lililokauka zamani. Chini ya tawi hilo ungeweza kutandika kanga tangu asubuhi mpaka jua lizame, usipate hata jani la kufungia chumvi. Tangu baba yake aliposahaulika, hapo ndipo Zawena alipotandika. Mgongo wa mwenyekiti ulikataliwa. Upele wa mke wa fundi ulikataliwa. Wenye usingizi mchache walikataliwa, wakaenda kunywa mchaichai wakalala kama kawaida. Hakuna aliyekufa, alijiambia kila mara, na ilikuwa kweli.

Alitandika hapo tena. Mikono ilifanya yenyewe, kabla kichwa hakijaamua.

"Naelijwa binti Elinihaki anaomba," alisema kwa sauti ya kazini.

Wakangoja. Ukungu ulipita kati yao, ukamfunika mtoto, ukamfunua. Upande wa pili wa shina majani yalianguka moja moja, polepole, yakitua kwenye nyasi bila sauti, na Zawena hakugeuza kichwa. Kivuli kikafika ukingo wa kanga. Kikaivuka.

"Mti umekataa," alisema.

Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa hasira, kwa kupigiwa magoti. Elinihaki aliitazama kanga ile tupu, kisha akaikunja yeye mwenyewe, pembe kwa pembe, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Basi, mama. Asante. Mmetupokea vizuri. Kama hamtajali, apumzike kidogo mpaka ukungu uishe, ndipo tushuke."

"Apumzike tu," alisema Zawena.

Elinihaki akafungua furushi lake, akatoa muhogo wa kuchemsha, akaumega. Kipande kikubwa alimpa mtoto. Kilichofuata alimpa Zawena.

*

Zawena aliingia kibanda cha kukaushia majani na muhogo wake mkononi. Singano alikuwa ameinama juu ya kioo kilichoonyesha ramani ya gome, michirizi ya rangi kila mahali, na kati ya michirizi sehemu nyeupe zilizokwisha kubambuliwa. Nyeupe zilikuwa nyingi. Upande wa mawio, usawa wa kifua cha mtu, palibaki doa moja la buluu lenye upana wa viganja viwili.

"Hicho ndicho kipande cha mwisho cha degedege," alisema Singano. "Kinatosha mtoto mdogo."

"Na maabara?"

"Wamejaribu tena kuitengeneza. Yametoka maji yenye rangi ileile, ukimpa mgonjwa atakushukuru kwa kinywaji." Alisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Unajua kilichomo, Zawena."

Alijua. Alikuwa amekisikia mara nyingi tangu utoto. Alikuwa bado ananyonya degedege lilipomkamata, la aina ile ya zamani, na Bi Mwantumu, wakati ule msichana tu aliyejifunza kuchemsha majani mawili matatu kwa shangazi yake, alitoka kukicha akaingia msituni anapiga kelele, akachuma vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Mtoto akapona. Msichana akawa mganga, tena siku hiyohiyo. Kila alichokijua baadaye kuhusu kuwa mama wa Zawena alikishona juu ya dawa ile: jina, meno ya kwanza, magomvi ya ujana, yote. Degedege lilipobadilika, ni dawa hiyohiyo iliyoliweza na lile jipya.

"Huwezi kuvitenganisha?"

"Nimejaribu tangu mama yako alipozikwa. Nyuzi hazijui tofauti. Kwa mama yako dawa hiyo ndiyo wewe."

Zawena aliweka muhogo mezani. Alikuwa ameshachoka kuubeba, na haukuwa mzito.

"Dokta, mti haukukataa. Natandika chini ya tawi kavu."

"Najua. Nimekuona tangu masika."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ningesema nini?" Singano alivaa miwani, akaivua tena. "Mama yangu nilimzika Handeni, kwenye mchanga. Hana hata jani. Ningeambiwa nitamwona kila alasiri, ningeng'oa mlima huu kwa meno. Lakini wale walikuwa na migongo, Zawena. Huyu ni mtoto."

"Ameniomba leo hii. Kabla hujaniamsha. Amenishika mkono akaniambia nisikubali anisahau."

"Mama yako alisema tumchune mpaka aishe."

"Yule aliyesema hivyo amekufa!" Sauti ya Zawena ilipanda mpaka majani makavu yakatikisika kwenye nyavu. "Yule alikuwa jasiri, alikuwa na watu mbele yake wa kuwachekesha. Huyu yupo peke yake kule ndani, anaona vitu vinamtoka na hajui ni nani anayemwibia. Anaogopa. Yupi kati yao ni mama yangu, Dokta? Nimsikilize yupi?"

Singano aliweka kidole juu ya lile doa la buluu, akakiondoa.

"Sijui," alisema. "Mimi ni fundi wa kuvu. Nilijua kuutia mti kumbukumbu, sikujua kwamba utajua kuogopa. Ningejua, labda nisingefanya. Na sheria inasema mlinzi ndiye mwenye kisu, kwa hiyo sitakulazimisha." Akasita. "Wala sitaweza kukutazama kesho."

Sauti ya Elinihaki ikawafikia kutoka nje. Hakuwa anaita msaada. Alikuwa anaongea kwa lugha ya kwao, chini chini, bila kituo, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeamshwa na ndoto.

Zawena alikimbia.

Naeli alikuwa amelazwa juu ya mkeka wake, ule ule wa kulalia kwa mama, mwili umekakamaa kama mbao na macho yamepanda juu kuyatafuta matawi. Baba yake alimshika kichwa kisigonge mizizi na aliendelea kuongea. Ilichukua muda ambao Zawena hakuweza kuupima. Kisha mtoto akalegea, mate yakamtoka, akavuta pumzi moja ndefu ya kukwaruza, na nyingine.

"Tuliambiwa likirudi mara nyingine tena, halitamwachia," alisema Elinihaki. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuupangusa.

Zawena alichomoa kisu kiunoni.

Hapo ndipo Elinihaki alipoinuka akamzuia. Alisimama kati yake na mti, mikono ameitanua.

"Hapana, mama. Mti umekataa."

"Nipishe."

"Dawa iliyochukuliwa kwa nguvu inageuka sumu. Hata kwetu tunajua hivyo. Shemeji yangu alichukua mizizi iliyokataliwa akampa mkewe, na mkewe hatunaye. Sitamnywesha mwanangu." Hata hapo alisema kwa heshima. "Nakuomba. Aende hivyo hivyo kama ni kwenda."

Zawena angeweza kusema mti umebadili nia. Angeweza kusema ameota. Maneno yalikuwapo, yamejipanga mdomoni, na yangeaminika. Lakini alimtazama mtu yule aliyekuwa tayari kumpoteza mtoto wake kwa sababu ya kanga aliyoitandika yeye, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Haukukataa," alisema. "Nilitandika mahali ambapo majani hayaanguki. Nimekudanganya, baba Naeli. Nimewadanganya wote."

Singano alifika nyuma yao akihema. Elinihaki alishusha mikono.

"Kwa nini?"

"Ni mama yangu huyu. Akibambuliwa hapa atanisahau."

Elinihaki aliutazama mkulo kuanzia mizizi. Akamtazama binti yake. Zawena aliona mikono yake ikikunja ngumi, akasimama palepale apigwe, maana ingekuwa haki yake. Ngumi zikafumbuka.

"Tandika, basi," alisema Elinihaki kwa sauti iliyokwaruza. "Tandika vizuri."

Alitandika upande wa machweo, mbali na tawi kavu, akainyoosha kanga mpaka pembe zote zikatulia. Alimwaga maji. Alitaka kutaja jina la mtoto kwa sauti ya kazini, na sauti ikakataa, ikatoka ya kwake mwenyewe.

"Mama. Naelijwa anaomba. Na mimi naomba. Nilikuahidi, nami nakuja kuivunja ahadi yangu."

Ukungu ulisimama. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi, na kwa muda Zawena alitumaini, Mungu amsamehe, alitumaini kwa moyo wake wote kwamba hakuna kitakachoanguka. Kisha jani moja likaachia juu kabisa, likashuka likizunguka, likatua katikati ya kanga. Likafuata jingine. Yakafuata mengi, bila haraka, mpaka maua ya kanga hayakuonekana tena. Kama ulikuwa upepo wa juu au kama alikuwa mama yake, Zawena hakujua, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Alikata upande wa mawio. Gome lilitoka kirahisi, lenye unyevu, na harufu ya karafuu maiti ikajaa mlima mzima.

*

Naeli alitema kikombe cha kwanza, akalia kwamba bibi ni mchungu. Cha pili baba yake alikionja mbele yake, akakunja uso mpaka mtoto akacheka, na katika kicheko hicho kikapita. Alilala kibandani kati ya nyavu za majani. Alipoamka mkono wa kushoto ulikuwa umefunguka, akautumia kuomba muhogo.

Walikaa Kwembago mpaka Singano alipoweka sikio kwenye kifua cha mtoto kwa mara ya mwisho na kusema wanaweza kwenda. Elinihaki alimfunga Naeli mgongoni. Akaenda kwenye mkulo, akasema, "Asante, Bi Mwantumu," akaanza kuteremka. Baada ya hatua chache alirudi mpaka aliposimama Zawena.

"Siku ile nilikuchukia," alisema. "Leo sijui. Nikijua nitakuja kukwambia."

"Nitakuwepo," alisema Zawena.

Siku kadhaa zilipita na mkeka ulikuwa umesimamishwa ukutani. Zawena alimwendea mwenyekiti wa kijiji, akamwambia habari ya tawi kavu, akasemwa mbele ya watu mpaka maneno yakawaishia. Hawakumnyang'anya kisu, ila sasa kanga ilitandikwa na mtu mwingine. Alifagia kuzunguka mti kila alasiri, akafagia palipokwisha kufagiwa, kisha akarudi ndani. Singano alimwona, akainama tena juu ya kioo chake.

Mwishowe miguu ndiyo iliyomchosha, au ukungu, au hamu tu. Alitandika mkeka, akalala.

Picha ilikuja pole sana. Hapakuwa na jiko safari hii. Alijikuta barazani kwa mama yake, kwenye benchi la wagonjwa, ambalo tangu azaliwe hakuwahi kulikalia kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumbani. Mvua laini ilinyesha kuelekea chini kama mvua zote. Mlango ukafunguka, Bi Mwantumu akatoka akijifuta mikono kwenye kanga, mzima, mwepesi, hana tena ile hofu machoni. Alimtazama Zawena kama anavyotazamwa mtu aliyetoka kijiji cha mbali.

"Karibu," alisema. "Umeloa. Umekaa hapa muda mrefu?"

"Si sana."

"Unaumwa wapi?"

Zawena alijaribu kusema hapaumi popote. Ilitoka kweli.

"Nimefiwa."

"Ewe Mola! Na nani?"

"Na mama."

Bi Mwantumu aliketi pembeni yake palepale, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mikono ilikuwa mikavu na imetulia.

"Pole, mwanangu. Pole sana." Alimwita kila mtu hivyo, wakubwa kwa wadogo. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa na maneno mengi."

"Hao ndio wanaoacha nyumba kimya." Bi Mwantumu alitikisa kichwa kwa huruma, akaitazama mvua. "Kwa hilo mimi sina jani la kukupa, sitakudanganya. Lakini usirudi nyumbani peke yako na hali hiyo. Kaa hapa na mimi mpaka ikatike. Unaitwa nani?"

"Zawena."

"Zawena," alirudia mama yake taratibu, akilionja jina mdomoni. "Zuri. Ningejaliwa binti, ningemwita hivyo."